GPS iliyotuonya kuhusu mlima usiokuwepo kati ya Kitale na Bungoma

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nimekuwa msomaji kimya kwa muda, leo acha nitoe yangu. Sitaongeza chumvi, hii stori haihitaji.

Mimi ni fundi wa umeme na redio za ndege ndogo. Miaka hiyo ya 2000 nilikuwa naishi Matisi, Kitale, nikihudumia ndege moja iliyokuwa ikibeba madaktari wa macho kwenda Bungoma.

Kitu ambacho wengi hawakujua ni kwamba naogopa kupanda ndege. Naitengeneza, naifuta vumbi, naipungia mkono. Basi.

Sasa, hiyo ndege ilikuwa na GPS yenye ramani ya milima. Ukikaribia mlima, inapiga kelele kwa sauti ya mwanamke: "Terrain! Pull up!" Yaani mbele kuna mlima, panda juu haraka.

Shida ni kwamba ilianza kupiga kelele mahali hakuna mlima. Juu ya mashamba ya miwa, jua linawaka! Daktari mmoja akasema heri aende kwa barabara.

Mdosi, yaani bosi wangu, akaniita.

"Njeri, si uzime tu hiyo sauti? Ni uongo inaongea."

Nikakataa. Upande mmoja tuna Mlima Elgon, upande mwingine milima ya Cherangani. Nikiizima leo, siku ya wingu nani atawaonya?

"Basi itengeneze kabla ya Jumatatu. Ukishindwa, nitapata mtu wa kuizima."

Usiku huo sikulala vizuri.

Nikaipima chini. Antena sawa, waya sawa, ramani ni mpya. Kila kitu sawa! Hapo nikajua maana yake. Ugonjwa unatokea hewani, na lazima niufuate huko.

Rubani wetu alikuwa Captain Wafula, mzee wa Bungoma, mtu wa stori sana.

"Leo utaona kwetu kutoka juu," akaniambia huku akikaza mkanda wangu. Mimi nimeshika kiti na mikono miwili, utadhani nikikiachilia tutaanguka.

Tukaelekea kusini. Nikafungua ukurasa wa satelaiti kwenye skrini, ule wenye vijiti vya kuonyesha nguvu ya signal. Vyote virefu. Tukapita moshi wa kiwanda cha karatasi pale Webuye, GPS kimya. Nilikuwa naomba mashine ikosee nipate kuiona, halafu naomba isikosee.

Karibu na Bungoma, Captain akabonyeza mic ya redio kutangaza kwamba anashuka.

Wakuu, vijiti vyote vilianguka! GPS ikaonyesha tuko chini sana kuliko ukweli, na yule mwanamke akaanza: "Terrain! Pull up!"

Captain akaachilia mic. Baada ya muda mfupi vijiti vikarudi, sauti ikanyamaza.

"Captain, bonyeza tena."

"Niseme nini sasa?"

"Sema chochote bana!"

Akabonyeza. Vikaanguka tena.

Tulipotua nikazunguka ndege yote nikiangalia juu. Antena ya redio ya dharura, ile ya kuita waokoaji ndege ikianguka, ilikuwa imefungwa karibu kabisa na antena ya GPS. Nikashuku hiyo. Captain akiongea, ile ya dharura inapokea nguvu ya redio yake na kuirusha tena kama makelele, GPS inakuwa kiziwi. Ndio maana sikuona kitu nikipima chini, kwa sababu ndani ya hangar, lile banda la ndege, hakuna mtu wa kuongea kwa redio.

Lakini vifaa vyangu vilikuwa Kitale. Ikabidi turudi.

Na wingu likatupata njiani.

Kioo cheupe, huoni hata bawa. Captain alikuwa na leseni ya kuruka kwa vifaa bila kuona nje, lakini stori ziliisha. Akatangaza kwenye redio tulipo. Hapo hapo: "Terrain! Pull up!"

Mimi nilijua ni mic. Neno "uongo" lilikuwa mdomoni. Lakini Elgon ilikuwa mahali fulani ndani ya huo weupe, na sikuweza kulitoa.

Captain hakuniuliza. Akasukuma nguvu zote, akavuta usukani, tukapanda. Mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Nikataja jina la mama yangu, sijui kwa nini.

Vijiti vikarudi. Sauti ikanyamaza. Tukatoka juu ya wingu, na Elgon ikaonekana mbali kabisa kushoto.

"Ilikuwa uongo," nikasema.

"Hata mimi nilijua," akajibu. "Lakini nilitaka kuhakikisha nikiwa huku juu."

Kitale nikachomoa waya wa ile antena ya dharura, tukabonyeza mic: vijiti vikasimama imara. Nikaurudisha: vikaanguka. Nikahamisha antena, nikaweka kichujio cha kuzuia yale makelele, tukaruka tena kuhakikisha. Jumatatu madaktari walipanda wote.

Funzo langu: kengele ikidanganya, usikimbilie kuizima, tafuta kinachoidanganya. Na ukiwa ndani ya wingu, itii kwanza, ubishane nayo baadaye.

Marubani na mafundi mlio humu, nyinyi mngeamini kengele au mngejiamini wenyewe? Na kuna mwingine anayeogopa chombo anachokitengeneza kwa mikono yake, au ni mimi peke yangu? Semeni ukweli, sitacheka.