Sisi wa Darasa la Nyuma

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wengine, hamjambo? Mimi ni Mama Zuhura wa Mnyambe, yule mwenye domo. Mtanivumilia leo, maana kuna siku domo hili lilishindwa hata kuomba maji.

Kabla ya kuugua nilikuwa mzima, na mikorosho yangu. Na maji nayajua tangu utoto. Zamani hapa juu hapakuwa na bomba. Tulishuka bondeni na bibi, tukapanda mlima ndoo kichwani, na bibi alitandaza majani mabichi juu ya maji yasimwagike. Tukifika nyumbani, kila mtoto alipewa anywe kidogo, na maji yalikuwa yameshika harufu ya yale majani. Jamani, nayakumbuka maji yale!

Kipindupindu kiliingia bomba likiwa limeharibika. Nilianza kuharisha asubuhi. Kufika mchana yalikuwa yananitoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, nami siwezi kuyazuia. Nikatapika, miguu ikakaza, macho yakazama. Mwanangu Zuhura alinipakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yangu akinishikilia, na nguo zake zikachafuka zote. Niliona aibu sana.

Shule ilikuwa imegeuzwa wodi. Daktari mmoja, dripu chache, wagonjwa mpaka barazani. Wakanitafuta mshipa mikononi, wakautafuta miguuni, hola. Nikamsikia daktari akisema, "Huyu mpelekeni darasa la nyuma." Maana yake sote tuliijua: huko walilazwa wasiotarajiwa kupona.

Humo nilimkuta Bi Veronika, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akikimbia vita. Kipindupindu kilimkuta tayari ana donda la saratani kifuani.

"Karibu mwanangu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Huku hakuna foleni."

Nilitaka kucheka, nikatapika.

Maji safi nayo yalikuwa ya kugombania. Mhudumu mmoja akasema ndoo iliyobaki ikae mbele, kwa wanaopona. Wala sikumchukia. Mbele kulikuwa na watoto, hata mimi ningewapa wao. Lakini nesi wetu, binti kutoka Chilangala, alisimama mlangoni akauliza, "Daktari, kwa hiyo anayekwenda aende na kiu?"

Daktari alikuwa amechoka yule baba, hata kusimama aliegemea ukuta. Kisha akasema, "Kijiko kwa kijiko. Mbele na nyuma. Na bibi mwenye donda apate dawa ya maumivu."

Nesi akaja na ndoo ya maji ya chumvi na sukari. Juu yake ametandaza majani! Nililia, ila machozi hayakutoka, mwili ulikuwa umekauka.

Bi Veronika akamwambia, "Changu mpe huyu. Ana mtoto anamngoja nje."

"Hapana, bibi. Chako ni chako."

Akanywa, akafumba macho. "Haya ya bondeni," akasema. Mimi nilijua yameletwa na lori, ila yalinukia majani. Kumbe hata ng'ambo ya Ruvuma waliweka majani.

Tulinyweshwa hivyo, pole pole. Mkojo ukarudi, mshipa ukaonekana, wakaja kunihamishia mbele. Nikamwambia Bi Veronika nitarudi kumsalimia. Sikumuwahi. Nilikuta wamemwosha, donda limefungwa kitambaa safi, uso umetulia.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti, na daktari pia. Nanyi mkianza kuharisha msingoje, wala msione haya. Kunyweni maji ya chumvi na sukari, mkimbilie zahanati.

Watu huniambia vijiko vyangu vilileta faida, vya yule bibi vilipotea bure. Hilo hunikasirisha! Nani kasema vilipotea? Ukiuguza mtu uliyeambiwa haponi, mpe maji, mfute uso, mpoze maumivu yake. Usiulize yatamfikisha wapi.

Mimi nilipona. Bi Veronika alikufa. Lakini kiu hakufa nayo.