Nilivyoutia mkanda wa mashine mafuta ya sombe, Bendera wakatukanwa siku mbili

Wakubwa wa mwaka wa sita, wenzangu wa mwaka wa tano, na nyinyi wadogo mnaosoma ubao huu kwa kusimama juu ya vidole: jambo yenu.

Najua mukiona jina langu chini ya karatasi munaanza kucheka kabla ya kusoma. Leo mungojee kidogo. Haya yote ni kweli. Nikiongopa hata mstari mmoja, goli langu la Jumapili lifutwe.

Munakumbuka plume za mtihani zilifika bila mipini. Kisanduku kizima cha vichuma vya kuandikia, na hakuna mti wa kuvishikia. Treni haikuleta, meli haikuleta.

Sasa wa sita wataandika mtihani Jumatatu na nini, na kucha?

Mwalimu Anaclet akasema ateliye yetu ya useremala itakereza mipini yenyewe. Thelathini na sita, ya mulombwa, ule mti mwekundu. Akanichagua mimi kuwa mmoja wa wakerezaji. Wengi walishangaa. Na mimi nilishangaa.

Kwa wasioijua ile mashine ya kukerezea: ni ndogo, kama mbuzi aliyelala. Mota iko chini, mkanda wa ngozi unapanda juu kuzungusha kijiti, weye unashika patasi na kukinyoa kikizunguka. Kijiti cha kalamu ni chembamba. Ukikohoa tu, umekiharibu.

Jumatano mkanda ukaanza kulia. Nyiii, nyiii, kama nguruwe anayepelekwa sokoni. Mwalimu alikuwa ametoka.

Mimi nikawaza: kitu kikilia, kinataka mafuta. Mlango ukilia tunautia mafuta, baiskeli vilevile.

Mafuta yako wapi? Kwenye bakuli langu. Mama alikuwa amenifungia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na mawese yameelea juu, mekundu, mazuri. Nikachovya vidole, nikaupaka mkanda wote, ndani na nje.

Kweli, kelele ikaisha. Nikajiona injinia.

(Hapa wale wanaojua mashine wameshaanza kushika kichwa. Mukae kimya, musiwaambie wengine.)

Mwalimu akarudi, akaweka kijiti, akagusisha patasi. Kijiti kikasimama. Akaondoa patasi, kikazunguka. Akarudisha, kikasimama. Chini mota inaunguruma tu.

Akatikisa kichwa, akatazama upande wa Bendera, kule mashine za maji zinakotengenezea umeme wetu. "Hii courant ya Bendera njo imechoka. Wanatutumia courant ya wagonjwa."

Ateliye nzima ikalipuka. "Bendera wamelala!" "Bendera wanazungusha mashine kwa mikono!" "Bendera walete courant, si uji!"

Na munajua Papa yangu anafanya kazi wapi. Bendera. Anakaa kule na mashine za maji, anarudi nyumbani Jumamosi moja kati ya mbili.

Nilicheka kuliko wote. Hiyo njo sehemu isiyonipendeza kuandika, lakini niliapa.

Alhamisi Mwalimu akaukaza mkanda ili uvute kwa nguvu. Ukavuta kidogo, kisha paa! Ukakatika pale penye mshono wa zamani. Sasa hata kuzunguka bure hakuna. Mipini tisa imekwisha, ishirini na saba bado.

"Courant inakuja na kwenda kama kwikwi, itaacha kukata mukanda?" Mwalimu akasema. Halafu akanigeukia. "Kapilipili, Papa yako anarudi Jumamosi? Mwambie apite hapa. Nataka kumuuliza wanafanya kazi gani kule."

Wenzangu wakaimba, "Papa Courant! Papa Courant!"

Jioni ile sombe haikushuka. Papa ni muntu wa maneno machache, na neno lake moja analorudia ni kwamba kule kwao hakuna anayelala zamuni. Sasa atasimamishwa mbele ya watoto kwa ajili ya vidole vyangu.

Ijumaa asubuhi nikasimama.

"Mwalimu, si Bendera. Ni sombe."

Wakubwa, walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye takataka za mbao. Mwalimu mwenyewe alicheka. "Weye, kaa chini. Leo hatuna wakati wa michezo yako."

Hayo njo malipo ya kuchekesha kila siku. Siku unasema kweli, wanakupigia makofi.

Ikabidi niokote mkanda sakafuni, niukwaruze kwa kisu. Kwenye kisu kikabaki kijani. Kijani cha jani la muhogo, limetwangwa vizuri, kazi ya Mama.

Mwalimu akanusa. Akaninusa na mimi.

"Mukanda unavuta kwa kukwama kwenye gurudumu. Weye umeutelezesha kama mulenda, kisha Bendera wakatukanwa siku mbili?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Utaushona weye mwenyewe. Kesho saa sita kama mashine haizunguki, hutaingia tena ateliye hii. Utalima bustani ya shule mpaka umalize masomo."

Nikauosha mkanda kwa sabuni na majivu mara tatu, nikauanika. Nikapandisha ncha moja juu ya nyingine, nikashona kwa uzi wa wavu. Ulishika! Lakini kila mzunguko ile nundu ikigonga gurudumu: ta! ta! ta! Mpini ukatoka na mawimbi kama ziwa la mwezi wa saba.

Nikakaa chini nikautazama. Halafu nikakumbuka mpira.

Nani anashona mpira wa timu yetu? Mimi. Na mpira hauna nundu, kwa sababu ngozi haipandi juu ya ngozi. Inakutana.

Nikafumua. Nikakata ncha zote mbili zinyooke, nikazikutanisha. Upande unaogusa gurudumu nikachimba mifereji midogo kwa kisu, uzi ulale ndani. Fundo nikaliweka upande wa nje.

Jumamosi Mwalimu akawasha mota. Hakuna nyiii, hakuna ta. Akagusisha patasi, na kijiti hakikusimama. Utepe mwekundu ukaruka mpaka kwenye nywele zake, akauacha palepale.

Tulikereza bila kupumzika. Mpini wa thelathini na tano ulipotoka, Papa alikuwa mlangoni na kifurushi chake, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu, njiani nimesikia munalalamikia courant yetu."

Mwalimu akafuta mikono.

"Hapana, Papa. Courant iko muzuri. Sisi tulikosea, na tunakuomba musamaha. Kosa lilikuwa la mukanda. Mutoto wako aliuharibu, mutoto wako ameutengeneza."

Papa akainama juu ya mashine inayozunguka, akasikiliza kwa muda. Yeye husikiliza mashine siku zote, anajua.

"Mushono uko wapi?" akauliza. "Siusikii."

Wakubwa, mimi nimefunga magoli. Hakuna goli lililonifanya vile.

Wa thelathini na sita niliukereza mbele yake.

Basi, fundisho: si kila kinacholia kinataka mafuta. Na kama umekosa, sema siku ya kwanza, kabla hawajamtukana muntu wako.

Mipini yote thelathini na sita wanayo wa sita. Ule mmoja wa mawimbi niliukata, nikautia plume, na sasa unaning'inia kando ya karatasi hii kwa uzi wa wavu. Kichupa cha wino kiko dirishani. Shikeni, mwandike maoni yenu hapa chini. Matusi yananihusu mimi peke yangu, Bendera hawahusiki.

Na kabla ya kuushika, naweni mikono.