Pizza ya Four

Sisi tuliokulia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, miaka ile ya mahema tulikuwa mahakimu wa chapati kabla hatujajua kusoma saa. Nyinyi wa rika langu mtanisahihisha nikikosea, maana kichwa changu sikiamini sana. Lakini harufu ile naikumbuka: mafuta ya moto asubuhi, kuni mbichi zinazotoa machozi, vumbi la ng'ombe wa Endiinzi wakipita na pembe zao ndefu, na juu ya hayo yote unga unaoungua kidogo pembeni. Hapo hata mwenye malaria aliamka.

Tulikuwa wawili, mimi na Sifa, mtoto wa jirani. Mama zetu walitoka kijiji kimoja kule Kivu ya Kusini, Kongo, na kamba za mahema yetu zilipishana, kwa hiyo watu walituita ndugu na sisi hatukukataa. Tukitoka shule, ile ya kukalia matofali, tulizunguka majiko. Kulikuwa na mama wa Kirundi aliyekaanga mikate, ile ambayo wengine wanaiita mandazi. Kulikuwa na mzee mwenye kikaango kimoja na maneno mengi. Kulikuwa na dada wa kanisani kwetu aliyeimba huku anasukuma chapati, na akifika kwenye kiitikio, chapati iliyo motoni imeshaungua. Tuliwachotea maji, nao wakatupa vipande vya pembeni.

Sheria yetu ilikuwa moja: kinywa kimoja hakihukumu. Tulikaa mgongo kwa mgongo, kila mtu akatafuna, akaandika hukumu yake mchangani kwa kijiti. T ya tamu, K ya kawaida, M ya mbaya. Kisha tukageuka. Zikifanana, tulitangaza zoni nzima, yaani mtaa wetu wote wa kambi. Zisipofanana, tulibishana hadi nyumbani, na kesho yake tukarudi kuonja tena. Nikiwa mkweli, mara nyingine Sifa aliandika tofauti makusudi ili turudi. Mimi pia, mara moja. Au mbili.

Mama yangu alisimama mlangoni akapaza sauti kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, ambacho watu ni bantu: "Munazunguka majiko ya bantu kama mbuzi! Siku moja bataweka na ninyi mu kikaango!"

Kisha familia ya Sifa ikapata nafasi ya kuhamia ng'ambo. Walipanda basi asubuhi, sisi tukabaki tumeshika mabeseni waliyotuachia. Wako Kanada, upande wanakosema Kifaransa. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikajifunza cherehani, na sasa nashona Mbarara kwenye varanda ya duka la vitambaa. Mama alishafariki. Jioni nachemsha chai na kuandika daftari hili. Kuna siku neno langu la kwanza nalisema saa sita mchana, na ni kwa mteja.

Mwaka huu, baada ya kimya cha miezi mingi, Sifa aliniandikia: "Nasikia huko kuna pizza sasa. Zunguka, uhukumu, uniambie." Niliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko unavyostahili. Niliona kwamba nikihukumu vizuri ataendelea kuandika, na nikihukumu ovyo ndiyo basi.

Nikaanza na Mbarara mjini. Duka la kwanza lina viti vyekundu. Dada mhudumu aliuliza, "Ssebo, bwana, nyinyi iko watu ngapi?" Nikasema niko mmoja. Akachungulia nyuma yangu, labda wengine wanakuja.

"Moja tu?"

"Mmoja tu."

Akaondoa viti vitatu mezani, kwa heshima kabisa, nikabaki kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Unga ulikuwa umeiva vizuri, jibini la kutosha, ila mchuzi wa nyanya ulikuwa na sukari. Niliandika K, nikaongeza chini kwamba siku hiyo nilikuwa na mafua, maana hiyo ni haki yao.

Duka la pili, vijana wa meza ya jirani waliipiga picha pizza yao mpaka ikapoa, wakaipa nyota tano kwenye simu kabla hata ya kuikata. Sisi chapati moja ilituchukua wiki nzima! Wao nyota tano na meno bado makavu. Lakini nisiwaonee, huenda waliwahi kula pale. Mimi niliandika T. Siku ya pili nikarudi kuhakikisha, nikaandika T tena.

Ya tatu sikuitegemea. Jumapili moja nilikwenda Nakivale kumwona shangazi, nikakuta kibanda kipya, tanuru la udongo na mzee wa kutoka Uvira, Papa Bahati, kajifunga aproni. Juu kuna kibao: PIZZA YA FOUR.

Four niliisoma shuleni: wani, tuu, thrii, foo. Ni nne. Nikaelewa kwamba ni pizza ya watu wanne. Kwanza nilifurahi, kisha furaha ikapungua, maana hao watatu ningewatoa wapi? Nikaagiza hivyo hivyo. Ikaja ndogo kama kisahani cha chai. Nikaimaliza peke yangu na njaa ikabaki.

Nikapiga picha kibao, nikaiweka kwenye kundi letu la simu, la sisi tuliokua zoni moja, tuliotawanyika sasa kila nchi: "M. Kibao kinasema watu wanne, pizza haimtoshi hata mmoja. Mzee anadanganya." Wakacheka, wale wale ambao salamu zangu hawajibu. Mmoja aliyebaki kambini akaandika kwamba kesho anakwenda na wenzake watatu kudai vipande vyao. Nakiri nilijisikia vizuri. Jioni ile nilikuwa na watu.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa sauti kutoka kwa Sifa. Kwanza kicheko kirefu, kisha: "Weye! Four ni furu! Fasi ya kuchomea mikate! Umesahau Kifaransa mpaka pale? Ule papa hakubongopa, ni weye ulisoma Kiingereza!"

Nilirudia kile kicheko mara nyingi kabla maneno hayajaniingia. Furu. Kwa Kifaransa inaandikwa four, herufi zile zile, na ni tanuru. Hata mama yangu alikuwa akisema furu. Mzee alikuwa ameandika tu kwamba pizza yake imechomwa kwenye tanuru, haikukaangwa, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Nikaandika masahihisho kwenye kundi, marefu, na kuomba radhi. Wameyaona wengi. Hakuna aliyejibu.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa Papa Bahati. Kibao kilikuwa kimekwanguliwa kwa kisu. Kilisema PIZZA YA, kisha mbao tupu.

"Papa, ni mimi niliyesema unadanganya," nikamwambia. "Sikuelewa neno."

Akaniangalia, akapangusa mikono. "Walikuja bantu mingi kuchekea. Bengine balitaka banne bakule bure."

"Naweza kukiandika upya, papa. Rangi nitaleta mimi."

"Wacha tu, mwana wangu. Weye ni mtoto wa kwetu kabisa, na ukasoma foo. Sasa nitaandikia nani furu?"

Akanichomea nyingine. Safari hii nilikula polepole, nikaona vitunguu alivyovikata vyembamba na moshi mdogo uliokaa kwenye unga. Ilikuwa tamu kuliko zote mbili za mjini. Kwa Sifa nimeliandika hilo kwanza, kabla ya makosa yangu, ili lisipotee.

Enzi zile tukimkosea mama wa mikate, kesho yake tulimchotea maji mara mbili na zoni nzima ikajua yameisha. Siku hizi neno baya linafika kila nchi kabla ya chai kupoa, na la kulirekebisha linabaki na wewe.

Nimemwandikia pia kwamba kibao kimefutwa. Hajajibu. Nadhani kwao sasa ni saa za kazi. Nimeliandika hilo, nikalisoma tena, ndipo nikaona nimeandika neno kwao. Tangu nizaliwe, nikimtaja yule mtu sikuwahi kusema ila kwetu.