Dada Yangu Alinikuta kwenye Treni

Usiniambie nilikuwa nimelala. Nilikuwa macho kabisa na jua lilikuwa limeshatoka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya sabini, ndani ya treni ya kutoka Mombasa, na sijayatia chumvi hata kidogo.

Nilikuwa nimeolewa Mombasa, sasa nilikuwa naenda kwetu Kilungu kumwona mama. Tulipopita Makindu nikafungua dirisha. Milima ya Chyulu ilikuwa ya kijani kwa mvua, ukungu umelala mabondeni. Nikasikia mtu akikaa mbele yangu. Kugeuka, ni dada yangu Mbithe.

Miaka saba tulikuwa hatuongei. Unajua kwa nini? Nilipata mimba kabla ya harusi. Mtu akamwambia pasta, harusi ikakatazwa kanisani, Kilungu nzima ikajua. Na siri hiyo nilikuwa nimempa Mbithe peke yake. Sasa angekuwa nani mwingine?

"Mwana wa mwaitu," akaniita, vile tulivyoitana tangu utotoni, mtoto wa mama yangu. "Hata salamu hunipi?"

Nikageuzia uso dirishani, nikajifanya natazama milima.

"Si mimi nilimwambia pasta," akasema. "Mama alikuona ukitapika asubuhi, akaogopa, akaenda kwake. Mimi nilinyamaza. Afadhali unichukie mimi kuliko umchukie yeye."

Nini kilinizuia kumjibu? Kiburi tu, niamini. Nikatazama swara, nikatazama Kilimanjaro ikitoa kichwa juu ya mawingu, na masikio yalikuwa nyuma kwake. Angeendelea kidogo tu, pengine ningegeuka.

Karibu na Emali akasema, "Haya. Bora nimekuambia."

Nilipogeuka hakuwepo, na treni ilikuwa bado inakimbia. Kando yangu alikaa mama mmoja Mwislamu wa Kitui, aliyetoka kuwaona watu wake pwani. Nikamuuliza, "Mama, yule dada ameenda wapi?"

"Dada gani, mwanangu? Hapo si nimeweka kikapu changu tangu Mombasa?"

Kweli, kikapu cha nazi kilikuwa kimejaza kiti chote.

Nilishuka stesheni ya Sultan Hamud, nikapanda gari la Kilungu. Nyumbani nikamkuta mama amezungukwa na wanawake wa kanisa. Mbithe alikuwa amefariki akijifungua, na siku tatu zilikuwa zimepita tangu azikwe kwa bwana yake, huko Tawa. Barua ya kunijulisha ilikuwa bado njiani kwenda Mombasa.

Sikulia. Nikauliza mbele ya wote, "Mama, nani alimwambia pasta?"

Mama akafunika uso na leso. "Ni mimi. Mbithe alinikataza nisikuambie. Alisema utakuja kupoa mwenyewe."

Mama nilimsamehe, wala haikuwa kazi. Kazi ni mimi kujisamehe.

Mbithe aliacha msichana mchanga, na watu wa Tawa wakakubali nimlee. Sasa ni mtu mzima. Akiniita namwitikia hapo hapo, hata kama nina chakula mdomoni, na huwa ananicheka. Hajui kwa nini. Sijawahi kumwambia.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu mmenuniana naye, akikusemesha, mjibu. Mgombeze ukitaka, lakini usimpe kisogo. Unajuaje ametoka wapi kuja kwako? Mimi nilipewa saa nzima na dada yangu, nikaimaliza nikitazama milima.