Mlima Alioupa Mgongo

Nilianza uchoraji nikiwa tayari mke wa mtu, wala sikumwomba mtu ruhusa. Tulikuwa tumehamia tambarare, kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Same, na siku hiyo ilikuwa zamu ya wanawake kukandika duka jipya la kijiji. Wenzangu walisawazisha udongo wakaridhika. Mimi mkono ulikataa. Mama yangu, kule juu milimani, hakuwahi kukandika nyumba akaiacha tupu: udongo mwekundu chini, mweupe juu, halafu kidole chake kikapita katikati kikichora mawimbi, kuanzia mlangoni, kikazunguka nyumba nzima, kikarudi mlangoni bila kuinuliwa. Wapita njia walisimama kutazama. Nilikua nikijua kwamba nyumba ni yetu, nyingine ni vibanda.

Basi nikachovya kidole kwenye udongo mweupe.

"Mama, hili ni duka la umma, si jiko lako," mwenyekiti wa kijiji akasema.

"Kwani la umma liwe baya, mwenyekiti?"

Wanawake wakaangua kicheko, naye akashindwa kujizuia. Akasema kama naweza, nichore kitu ambacho kila mtu atakijua. Nikamjibu nitachora mlima wa kwetu, uliosimama mbele yetu.

Nilijitia ujasiri tu. Kidole kilikuwa kinene mno kwa mabonde, nikaponda ncha ya jani la mkonge mpaka nyuzi zikatoka, nikapata brashi. Masizi ya chungu yakawa vivuli. Kila jioni nikitoka shamba nilipanda ngazi, na walioniita fundi kwa kunikebehi waliendelea kuniita hivyo hata kebehi ilipokwisha.

Lakini sifa zao hazikunitosha. Nilimtaka mama, aliyekataa katakata kuhama kule juu. Asingeukubali mlima wangu yeye, ningeufuta kwa mikono yangu.

Akashuka siku ya gulio, mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huo ukuta uko wapi?"

Akatua mzigo. Akatazama, akatazama. "Umechora vizuri. Huu mlima ni wa wapi?"

"Ni kwetu, mama."

"Kwetu hakuko hivi."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote alishuka akiupa mlima mgongo, akapanda na mzigo kichwani, macho njiani, shingo haiinuki. Nikamshika mabega nikamgeuza. Asubuhi ile haikuwa na wingu. Akatazama mlima, akatazama ukuta, akarudi mlimani.

"Kumbe naishi mahali pakubwa namna hii," alisema.

Sijawahi kujivuna kama siku ile, na sijui kama nilijivunia ukuta wangu au mama yangu.

Halafu akaanza kukagua. "Nyumba yangu iko wapi?"

"Kutoka huku haionekani, mama."

"Haionekani kwako." Akanisukuma kando, akachovya kidole kwenye udongo mweupe, akaweka alama moja kwenye bega la mlima. Kidole akakifuta kwenye kanga yangu, si yake.

Mvua zilipouharibu ukuta nilichora upya, mwaka hadi mwaka, mlima mzima. Alama ile tu niliiacha mpaka ashuke aiweke mwenyewe. Na kila alipotaka kurudi, alisimama kwanza, mzigo ukiwa bado chini, akautazama mlima wake.