Pua Iliyofichwa Jikoni

Siku ya harusi ya mdogo wangu, mimi nilifichwa jikoni. Kosa langu lilikuwa pua.

Usicheke. Habari hii imenichosha hata kuisimulia.

Mimi ni Kija, wa Mabatini hapa Mwanza. Mdogo wangu anaitwa Gladness. Wazazi walishafariki, wakatuachia pua ya baba: pana, imekaa usoni kama mgeni asiye na haraka.

Gladness aliichukia tangu shule. Biashara ya samaki ilipochanganya akapata hela, na mwaka 1996 akaenda Afrika Kusini kuchonga pua.

"Daktari alinipa albamu nichague," aliniambia aliporudi.

"Ukachagua ipi?"

"Zote zilikuwa za Wazungu, dada. Ya mtu kama sisi haikuwemo hata moja."

Basi akawa na pua nyembamba isiyofanana na ya ndugu yetu yeyote. Akilala anahema kwa mdomo. Nilimwonea huruma, nikauchuna.

Mara akampata Alexander wa Ilemela, kijana mstaarabu mwenye mama mkali. Gladness akawaambia pua ile kazaliwa nayo. Posa ikapokelewa kwa mjomba, mimi nisionekane.

"Dada, nimewaambia unaumwa, uko Usagara," alisema. "Wakikuona tu, nimeumbuka."

Siku ya harusi nikapika pilau nyuma ya ukumbi, khanga nimejitanda hadi machoni. Vigelegele nilivisikia kupitia dirisha. Roho iliniuma, sidanganyi.

Mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike. Pua ya baba ilikuwepo yote, haikupungua hata kidogo.

Mama mkwe akamwangalia mtoto, akamwangalia Gladness.

"Hii pua imetoka wapi? Kwetu haipo. Kwako haipo."

Akaacha kumbeba mjukuu. Alexander akahamia kulala sebuleni. Ukoo ukaanza kusema mwanamke arudishwe kwao.

Gladness akaja kwangu, mtoto mgongoni, macho yamevimba.

"Dada, twende."

"Wapi?"

"Wakuone."

Nilitamani kumfukuza. Nikamtazama yule mtoto, nikavaa viatu.

"Shikamoo mama," nilimsalimia mkwe wake tulipofika Ilemela.

"Marahaba..." Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akanirudia mimi. "Wewe nani?"

"Dada yake Gladness. Baba mmoja, mama mmoja."

Gladness akapiga magoti, akasema yote: daktari, albamu, uongo wa Usagara. Alexander akamchukua mtoto, akambusu puani, akaanza kulia.

Mama yake bado alikuwa ananitazama.

"Mbona harusini hukuja?"

"Nilikuja, mama. Ile pilau mliyoisifu niliipika mimi."

Akainamisha kichwa.

Ndoa ikapona. Mimi nikarudi kwangu Mabatini, nikalala na viatu miguuni kwa uchovu.

Wanaotaka kuchonga pua wachonge, ni zao. Ila ukishaiacha ya kwenu, usimfiche ndugu aliyebaki nayo, maana ipo siku utamtafuta akutetee.

Mdogo wangu ameshaniita mara mbili kwa ajili ya pua hii. Mara ya kwanza nijifiche, mara ya pili nijionyeshe.

Mpaka leo nasubiri aniite nije tu tule.