Ubao Aliouranda Baba

Baba yangu ni seremala. Karakana yake iko Bariadi, pembeni kidogo ya barabara ya kwenda Lamadi, banda la mabati lililo wazi upande mmoja. Anatengeneza vitanda, milango na fremu za madirisha. Aliishia darasa la saba, na mimi mwanawe nilifika chuo cha ufundi. Katika mtaa wetu jambo hilo lilinipa heshima ambayo sikuwa nimeifanyia kazi.

Mwaka wa mwisho tulitakiwa kufanya mradi wawili wawili. Mimi na mwenzangu tulichagua ubao unaojisawazisha wenyewe ili mpira usianguke. Juu ya ubao kunakaa kamera ndogo inayoutazama mpira. Kamera inaiambia kompyuta mpira uko wapi, na kompyuta inaziamuru mota tatu zilizo chini ziinue upande huu au zishushe ule, mpaka mpira urudi katikati na kutulia. Kama umewahi kumwona mtoto akitembea na limau juu ya sinia, akijitahidi lisidondoke, umeshauelewa mradi wetu.

Mwenzangu alikuwa binti wa Lamadi, mama yake anauza dagaa. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi, na hilo sote wawili tulilijua. Yeye alichukua programu. Mimi nilichukua vyuma: fremu, mikono ya mota na viungo. Ubao nikaenda kumwomba baba.

"Unataka uwe sawa kiasi gani?" aliniuliza.

"Sawa kabisa, baba."

"Kabisa ya kitanda au kabisa ya kioo?"

"Ya kioo."

Alikwenda nyuma ya banda akarudi na kipande cha mninga alichokuwa amekihifadhi miaka mingi, kikavu kiasi kwamba ukikigonga kinalia. Aliacha kitanda cha watu kikiwa nusu akauranda ule ubao siku mbili. Kila baada ya muda aliweka kipande cha kioo juu yake, akajaribu kupenyeza karatasi ya sigara katikati. Penye kupenya, aliranda tena. Mwishowe akaupaka rangi nyeupe ili kamera iuone mpira vizuri, akanikabidhi akasema, "Hapo hata punje ya mtama haitajua iende wapi."

Tulipounganisha kila kitu, mpira haukutulia. Ulikimbia huku na huku kama ndama aliyefunguliwa, kisha ukaanguka. Mwenzangu alirekebisha programu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja aliushika mkono mmoja wa mota akautikisa.

"Viungo vyako vinacheza," alisema. "Kompyuta inaamuru nyuzi mbili, ubao unakwenda nne."

"Viungo viko sawa. Programu yako ndiyo inachelewa."

Havikuwa sawa. Nilikuwa nimetoboa matundu kwa keekee kubwa kuliko bolti, kwa sababu ndogo ilikuwa imekatika na nikaona uvivu kwenda kutafuta nyingine. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Kurekebisha kulimaanisha kubomoa fremu yote, na pia kukiri kwamba msichana huyu alikuwa amesema kweli. La pili ndilo lililonishinda.

Jumamosi moja kabla ya maonyesho yeye alikwenda kwao Lamadi. Nilibaki peke yangu kwenye maabara, nikaufungua ubao, nikachukua msasa. Nilianza na ule wa kukwaruza, nikamalizia na laini, nikizungusha mkono pale katikati kwa duara, tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Nilichimba bonde pana kama kisahani, kina chake hakifikii unene wa kucha. Kwa jicho huwezi kuliona. Nikapaka rangi iliyobaki, nikasubiri ikauke, nikaweka mpira ukingoni. Ulizunguka kidogo ukashuka katikati ukakaa.

Jumatatu mwenzangu aliwasha mashine kama kawaida, bila matumaini. Mpira ukaenda katikati. Akautoa, akauweka pembeni tena, ukarudi. Kisha alipiga simu kwao, na nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mama, umekaa."

Alipokata simu alinigeukia. "Kumbe nilikosea namba moja tu. Nimeibadilisha jana kwenye basi. Nisamehe, nilikulaumu bure."

"Usijali," nilimjibu.

Nimefanya makosa mengi maishani, lakini sikumbuki neno jingine lililonitoka kirahisi hivyo.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa. Baba alikuja kwa baiskeli, amevaa shati lake la kanisani, akasimama nyuma ya kundi la watu karibu na meza yetu. Mtahini alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyetoka chuo kingine, mpole, haongei sana. Mwenzangu alieleza kamera inavyofanya kazi, akaeleza programu, sauti yake ikitetemeka kwa furaha. Mpira ukawekwa ukingoni, ukarudi katikati. Watu wakapiga makofi.

Yule mama akanyoosha mkono akaiziba kamera kwa kiganja. Mota zikasimama. Akausukuma mpira kwa kidole cha mkono mwingine. Mpira ukaenda, ukarudi katikati.

"Kamera haioni," alisema, "na mpira unarudi. Unarudije?"

Mwenzangu alinitazama, kisha akamtazama. "Sijui, mwalimu," alisema, na ilikuwa kweli.

Mtahini alitoa rula ya chuma kwenye mkoba wake, akaisimamisha juu ya ubao, akainama. Mwanga ulipita chini ya rula pale katikati. "Ubao umebonyea. Nani ameutengeneza?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa matatu au manne tu. Badala yake nikasema, "Fundi, mwalimu. Fundi wa mtaani tu."

Baba alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Mwenzangu alimfahamu, alikuwa amekula kwetu mara kadhaa. Niliona uso wake ukibadilika, nikaangalia chini.

"Ni mimi, mwalimu," baba alisema akijipenyeza mbele. "Naomba niuone."

Walimpisha. Aliupitisha mkono juu ya ubao kama anavyopitisha juu ya kila kitu kinachotoka mikononi mwake, polepole, kutoka ukingo mpaka ukingo. Pale katikati mkono ulisimama. Kidole kimoja kilianza kuzunguka, duara baada ya duara, kikifuata njia ileile uliyopita msasa wangu. Randa hufuata nyuzi za mti, haizunguki. Seremala yeyote analijua hilo, na mtoto wa seremala pia.

Aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli," alimwambia yule mama. "Mbao nyingine hutufanyia hivi zikiendelea kukauka. Kosa ni langu. Hawa vijana hawana kosa."

"Basi ni bahati mbaya," mtahini alisema, akatuandikia alama za kufaulu.

Mkuu wa karakana ya chuo alikuwa amesimama hapo. Wiki chache nyuma alikuwa amepita kwa baba kuzungumza juu ya meza mpya za kuchorea. Alimgeukia mwalimu mwenzake akasema, bila kujali nani anasikia, "Ndiye huyu tuliyetaka atutengenezee meza? Afadhali tumeona mapema."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba akiikokota baiskeli. Watu wa njiani walimsalimia, "Mwadila," naye akawaitikia wote kwa sauti yake ya kila siku. Mimi nilikuwa nimeandaa majibu ya kila swali ambalo angeniuliza, mengine ya uongo. Tulipofika kwetu aliniuliza kama nimekula. Hakuuliza kingine.

Nilikaa na jambo lile siku kumi. Mwenzangu hakujua habari ya msasa, ila hakuongea nami zaidi ya lazima. Nilimsikia akimwambia mtu kwamba hakunielewa nilivyomkana mzazi wangu mbele za watu. Hilo tu ndilo alilokuwa akilijua, na lilitosha.

Siku ya kumi nilikuwa karakana nikimshikia baba ubao wa mlango. Mteja mmoja, mwenye duka la nguo mjini, alikuja kuulizia kabati lake. Akatania, "Fundi, nasikia siku hizi mbao zako zinabonyea."

Baba alicheka. "Zimezeeka kama mimi."

Mteja alipoondoka nilishindwa kuendelea kuushika ule ubao. "Baba," nilisema, "ule ubao..."

"Najua."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alifuta vumbi la mbao kwenye randa kwa kidole gumba. "Ulitaka nikuumbue mbele ya watu?" Akaranda mara mbili, akaacha. "Mimi usihangaike kuniambia, mimi nilijua palepale. Kuna binti wa watu anadhani kazi yake imekamilika."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nilimkuta maabara peke yake, programu yake iko wazi. Nilimwambia yote, keekee, matundu, msasa. Kisha akauliza swali moja.

"Siku ile nilipokuomba msamaha, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Nilimpigia mama," alisema. Akafunga kompyuta yake, akatoka.

Kutoka pale nilikwenda kwa msimamizi wa mradi, na mkuu wa karakana akaitwa. Nilirudia maneno yaleyale mbele yao. Sikulia, ingawa ingekuwa rahisi zaidi kama ningelia. Walimpima mwenzangu upya kwa programu yake peke yake, akafaulu. Mimi nilifutiwa mradi, nikatakiwa kuurudia muhula uliofuata. Nilimwomba mkuu wa karakana aende kwa baba akamweleze ukweli. "Nitapita," alisema. Hakupita, na meza zilikuwa zimekwisha kupewa fundi mwingine.

Muhula ule nilitoboa matundu yanayolingana na bolti. Ubao nilinunua dukani, sikuwa na uso wa kumwomba baba ubao mwingine. Mwenzangu aliacha programu yake kwa msimamizi na ruhusa kwamba niitumie. Nilipoitumia kwenye viungo vilivyokaza, bila kubadilisha namba hata moja, mpira ulizunguka mara mbili tatu, ukapunguza mwendo, ukatulia katikati. Nilikaa kwenye kiti nikiutazama. Alikuwa sahihi wiki zote zile tatu.

Siku ya kupimwa nilimwomba baba aje. Aliniambia ana madirisha ya kupachika Ipililo. Alikwenda kweli, nilimwona akifunga misumeno nyuma ya pikipiki ya watu. Nilipofaulu nikamwambia, alisema, "Wabeja," yaani asante, kama vile nimemletea kitu, na akaendelea kula.

Mwenzangu anafanya kazi Mwanza sasa. Mwaka jana nilipata namba yake, nikamwandikia ujumbe mrefu. Nilimweleza jinsi programu yake ilivyofanya kazi siku ile bila kuguswa, kwa sababu nilifikiri hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaomba msamaha, safari hii bila kuweka sababu. Alijibu baada ya siku mbili: "Sawa."

Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Sijui kama ni la kusamehe au la kufunga mazungumzo. Sijaandika tena.